Vidole vya Mkutubi

Mkutubi wetu ana vidole vifupi vyenye wino wa muhuri, na huvigonga mezani mara mbili kabla ya kugusa kompyuta. Huku kwetu kaskazini mtandao unajikokota, na kurasa zimejaa skripti, vile vijiprogramu vinavyojiendesha vyenyewe, hadi kusoma habari za hali ya hewa ni shughuli. Yeye huingia kwenye mipangilio ya kivinjari na kuzizima skripti hizo, hatua kumi na moja, bila kutazama. Mzee Halvorsen akitaka kucheza karata za kwenye kompyuta, ambazo haziendi bila skripti, humwashia tena bila kununa.

Agosti ile moto wa msitu uliruka mto. Tulijazana maktabani, simu mkononi, kila mmoja akitafuta ukurasa wa barabara zilizofungwa, maana habari zilibadilika kila dakika. Skrini zote nyeupe, kiduara kikizunguka tu. Mkutubi akagonga meza mara mbili, akachukua simu ya mtu wa kwanza kwenye foleni. Muda si muda maandishi yakajitokeza.

"Si waliotengeneza kivinjari wangeweka kitufe kimoja tu cha kuzima, jamani!" Halvorsen alifoka.

"Wanaogopa utakibonyeza kwa bahati mbaya, mzee, halafu uwatukane kwamba karata zako zimepotea. Hebu lete simu."

Moshi ulianza kupenya chini ya mlango. Vile vidole havikuharakisha wala kukosea, simu thelathini na nne. Nilivitazama hadi nikasahau kuogopa.

Garini, tukiukimbia moto, mimi nikiwa kwenye usukani, nilimwomba mkutubi aangalie njia iliyo wazi. Akatoa simu yake mwenyewe. Nyeupe, kiduara kikizunguka.