Siku Niliyojikanda Mwenyewe

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na siku tatu tulipofukuzwa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Mimi nilizaliwa humo humo, katika nyumba ya kampuni, lakini wazazi wangu asili yao ni Kasai, na mwaka ule, mgodi ukiwa hoi na mishahara imekatika, wenyeji walituambia turudi kwetu. Kwetu wapi? Kasai sikuwahi kuikanyaga. Tukapiga kambi stesheni pamoja na mamia ya wengine. Mama yangu alikuwa ameondoka na treni iliyotangulia, kabla sijajifungua.

Kwetu mzazi hukandwa. Mama yake huja na maji ya moto na kitambaa, asubuhi na jioni, akamkanda mgongo na nyonga mpaka mwili urudi. Mimi sikuwa na wa kunikanda, nikaona nitajikaza. Baba yangu alikuwa kapita, msimamizi wa kikosi mgodini, na kila alfajiri aliukemea mgongo wake kama anakemea mfanyakazi mvivu. Nilirithi ulimi huo. Nilibeba bidoni la maji kichwani, nikafua nepi, nikapanga mizigo. Mgongo ulipouma niliupiga ngumi.

Siku ya pili pale stesheni, maziwa yakagoma. Matiti yalikuwa magumu, yanawaka, na mtoto alivuta, akaachia, akalia mpaka sauti ikamkauka. Niliogopa sana. Tulikuwa tumeshaona watoto wachanga wakitolewa hapo kwenda kuzikwa. Nikaanza kujitukana kwa sauti: mwili gani huu usio na faida!

Mama mmoja wa mkeka wa jirani akanisikia.

"We mama," akasema, "ile mwili ilizala juzi tu. Leo uko unaitukana? Kama ilikuwa ya dada yako, ungeisemesha hivi?"

Nilimkasirikia, sifichi. Nani kamuuliza? Lakini mwili wa dada yangu ningeukanda, tena kwa upole.

Akaniazima mbabula yake, makaa yakiwa bado mekundu. Nikachemsha maji, nikatundika kitenge kati ya mizigo kiwe pazia. Nikaanza na matiti: kitambaa cha moto, taratibu, bila kuyalazimisha. Mgongoni mkono haukufika, basi nikapiga taulo fundo katikati, nikalichovya majini, nikalivuta huku na huku kwa mikono miwili mpaka fundo likagusa pale panapouma. "Pole," nikauambia mgongo. Niliona haya, mtu mzima kuongea na mgongo wake, lakini machozi yalikuja na nikayaacha yatoke.

Mume wangu aliporudi kutoka kutafuta nafasi behewani, nikamkabidhi bidoni.

"Leo maji ni yako, tata."

Akaenda. Wanaume wenzake wakamcheka, akachota hivyo hivyo.

Nilijikanda tena jioni, na asubuhi iliyofuata. Mchana nikasikia maziwa yanashuka, yakanilowesha blauzi. Mtoto akavuta, akameza, akameza tena. Mwili ule ule niliouita usio na faida! Niliujivunia kuliko nyumba yoyote tuliyonyang'anywa.

Alilala maziwa yakimtiririka kidevuni. Sikumfuta. Niliondoa pazia, nikakaa nimempakata, ili kila anayepita stesheni ayaone.