Kaburi Lenye Vishikio

Kwetu Savai'i, kisiwani Samoa, choo kikigoma humwiti fundi, unamwita Fiasili. Marehemu mumewe ndiye aliyechimba nusu ya matangi ya maji machafu ya kijiji, akafa bila kumwambia mtu yalipo. Watu wakamvamia mjane utadhani karithi ramani. Karithi nini! Kajifunza mwenyewe, na kifuo chake cha chuma cha kufulia nazi.

Basi Ijumaa asubuhi, kesho dada yangu Lagi anaolewa, wageni mia mbili, choo kikaanza kutapika. Gari la kunyonya likaja, lakini saa sita lazima lipande feri. Dereva akauliza, "Mfuniko uko wapi?" Tukatazamana kama mabwege.

Fiasili akafika anatafuna ndizi. Akaanzia pale bomba linapotoka ukutani, akalifuata, anachoma ardhi kwa kifuo, anasikiliza. Hatua, choma. Hatua, choma.

Nikapasuka. "Mama, harusi kesho! Unapanda magimbi au unatafuta tangi?"

"Wewe fyata. Kelele zako zinaniziba masikio."

Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya nyumba, akasimama kwenye makaburi yetu. Yako mawili, meupe pe! La babu, na lile dogo la pembeni. Akaligonga lile dogo. Kooo!

Bibi Peleiupu akatoka mbio, mzee wa miaka themanini. "Thubutu! Yule ni marehemu wetu!"

"Anaitwa nani, Bibi?"

Bibi akalinyoosha shada la maua juu ya kaburi.

"Bibi, jina lake?"

"Si... mtoto fulani wa zamani. Kimbunga kilipofukia ua kwa mchanga, tulipofukua tukakuta mabamba mawili ya zege. Tukayapaka chokaa yote."

Kila mwaka tunapaka! Kila Jumapili maua! Mimi mwenyewe nimechapwa kwa kulikalia!

Fiasili akapiga magoti, akakwangua chokaa kwa ncha ya chuma. Vikatokea vishikio viwili, vimeoza kutu. "Haya niambie, kaburi gani lina vishikio? Marehemu anatoka kwenda dukani?"

Dereva akapiga honi. Saa tano na nusu! Nikataka kurukia zege, Fiasili akanizuia kwa kifuo. "Mwenye nyumba aseme kwanza."

Bibi akainama, akatoa shada la maua taratibu. Akafumba macho, midomo ikamcheza. Halafu, "Fungua."

Tukavuta watu wanne. Jamani ile harufu! Lagi akaruka, akapiga vigelegele na pua kaibana. Mpira wa kunyonya ukazama, gari likaunguruma, nikamkumbatia dereva simjui hata jina.

Bibi akasema, "Kwa hiyo miaka yote hiyo nimeombea mavi."

"Ndiyo maana tangi lako halijawahi kupasuka, Bibi."

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Shada alikuwa nalo bado mkononi. Akamvisha Fiasili shingoni, na gari likakimbilia feri.