Saa Mbili, Saa Nne

Kila jioni katika nyumba ya Bi Tokuko Hamade, mjini Himi, Nestan ndiye aliyetangulia kuoga. Maji ya moto yalijaa kwenye beseni kubwa, hayajaguswa na mtu, na Bi Tokuko alimwita kwa upole: "Bi Nestan, maji yako tayari. Karibu, tafadhali." Miezi miwili ya mwanzo jambo hilo lilimpendeza. Mwezi wa tatu lilianza kumkera, maana alishang'amua kwamba maji ya kwanza ni ya mgeni.

Sarmila, mpangaji wa chumba cha pili, alioga wa mwisho katika maji yaleyale, kisha akasugua beseni. Wote wawili walikuja Japani kusoma Kijapani katika chuo kimoja kidogo karibu na stesheni, Nestan akitoka Kutaisi kule Jojia, Sarmila akitoka Pokhara, Nepali. Nestan alikisoma Kijapani miaka sita kabla ya kupanda ndege, na katika mitihani hakushuka chini ya tisini na nane. Sarmila alipata hamsini na kitu akashukuru. Alfajiri alipanga wali na samaki kwenye vikasha katika kiwanda cha chakula, darasani akasinzia, na vitenzi alivivunjavunja kama karanga.

Lakini nyumbani mambo yaligeuka.

"Wewe mtoto, ndara za choo tena jikoni? Hayo ni macho au matundu?" Bi Tokuko alimwambia Sarmila.

"Nisamehe, Mama. Miguu imenitangulia."

"Basi iambie irudi ipige deki."

Wakacheka wote wawili. Nestan, aliyekuwa mezani na daftari lake, hakucheka. Yeye hakuwahi kukosea ndara, za choo alizivulia chooni. Hakuwahi kuchanganya takataka za plastiki na za kuchomwa. Kila siku majirani walimwambia, "Kijapani chako kizuri mno." Sarmila hakuna aliyemsifu, wao walimuuliza kama amekula.

Novemba ilipofika, Bi Tokuko akajiandaa kwenda shambani kwa kaka yake kung'oa figili nyeupe ndefu, za kuanikwa upenuni na kuchachushwa kwa chumvi na pumba za mchele.

"Jumamosi nitamchukua Sarmila," alisema.

"Hata mimi naweza kuja," Nestan akajibu.

"La, Bi Nestan, una mtihani. Utachafuka bure. Ila nisaidie jambo moja, tafadhali. Ijumaa nitalala hukohuko. Mwambie Sarmila gari la kaka litampitia stesheni saa mbili asubuhi."

Nestan akaenda kumwambia Sarmila kwamba gari litafika saa nne. Hakuwa amepanga. Neno lilimtoka tu, na lilipotoka akaliacha liende.

Saa mbili kamili alikuwa stesheni mwenyewe, na buti za mvua miguuni. "Sarmila hakuweza," alimwambia yule kaka.

Alifanya kazi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Bi Tokuko kila mara alimwambia apumzike, akamwinamia, akamshukuru kwa kujisumbua. Kisha akamgeukia wifi yake na kumsimulia vituko vya Sarmila, kutwa nzima, kimoja baada ya kingine.

Waliporudi jioni walimkuta Sarmila jikoni, pua nyekundu, koti bado limelowa.

"Nimesubiri stesheni toka saa nne mpaka saa saba, Mama. Mvua ya barafu yote imeniishia mimi. Masikio yangu haya, najua nilisikia vibaya."

Bi Tokuko akamtazama Nestan. "Ulimwambia saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mimi nilisema ngapi?"

"Saa mbili."

Hapo Bi Tokuko akafoka. Alifoka kwa lahaja ya kwao Himi, haraka, na Nestan hakuambulia hata nusu yake, ila aliyasikia wazi maneno *huna haya* na *mwenzako*. Machozi yakamtoka.

"Yeye ni mwanao," alisema. "Mimi ni mpangaji."

Bi Tokuko akavuta kiti, akakaa. "Wewe unaongea kama mtangazaji wa redio. Mimi shule niliiacha na miaka kumi na mitano. Nikifungua mdomo mbele yako naona utanisahihisha."

"Sijawahi kukusahihisha."

"Uliwahi. Wiki ya kwanza. Nilitamka neno letu la hapa, ukaniambia kitabuni haliko hivyo."

Nestan alitaka kukana, kisha akakumbuka. Hata neno lenyewe alilikumbuka.

Sarmila akainuka. "Nami nimekaa hapa nayatukana masikio yangu," alisema, akaenda chumbani kwake.

Siku tisa hakumsemesha Nestan. Siku ya kumi alikuja na kitabu cha herufi, akakibwaga mezani. "Nifundishe hizi. Na ukinipa jibu la uongo, nitakutia kwenye pipa pamoja na figili."

Tangu hapo Bi Tokuko alimwita Nestan bila "Bi". Siku nyingine alijisahau akarudia adabu zake, na Nestan akanuna mpaka usiku.

Mwaka wa masomo ulipokwisha Nestan alirudi kwao kufundisha. Sarmila alipata kazi katika karakana ya kuchachusha mboga, akabaki katika nyumba ileile. Kila Jumapili Bi Tokuko humpigia Nestan simu, humuuliza afya ya mama yake, humweleza habari za theluji. Jumapili moja, katikati ya maneno, sauti ya Sarmila ilisikika nyuma, na vyombo vikigongana, na kicheko kirefu. Nestan, huko Kutaisi, alihisi ule wivu wa zamani ukimrudia.

"Anacheka nini huyo?" aliuliza.

Bi Tokuko akaanza kumsimulia.