Mzigo wa Papa Asumani

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uwindaji, Kisangani ikiitwa bado Stanleyville, mkuu wetu, Mbelgiji mwenye sauti ya chini, aliweka gobori mezani akaniuliza kama lina baruti. Nilitazama, nikajibu halina. Akanipa mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti mtutuni.

"Macho si kitu. Pima."

Ufito ulikuwa na alama. Ukizama hadi alama, mtutu ni mtupu; ukikoma kabla, mzigo, yaani baruti na risasi zake, umo. Ulikoma kabla. Nilikuwa nimekosea, naye hakunicheka. Namshukuru hadi leo.

Nilipelekwa Bafwasende, msituni, kukagua vibali na kufundisha wawindaji. Fataki, kile kikofia kinachowasha baruti, kitolewe kabla ya kupanda pirogi, yaani mtumbwi. Bunduki isiingie kijijini wala mjini na mzigo. Waliitikia kwa vichwa, kisha wakaenda kufanya yao. Mwindaji aliyekosa mnyama huona uchungu kumwaga baruti, basi hurudi nayo mtutuni. Mbishi kuliko wote alikuwa Papa Asumani, mzee wa mjini aliyekuja kuwinda huko. Nilimwonya mara tatu. Kila mara aliniambia baruti ni ghali na yeye si mutoto.

Uhuru ukaja, Mbelgiji akaondoka. Mkuu mpya, karani mwenzangu wa zamani, alinirudisha mjini. Kisha waasi wakauteka mji.

Asubuhi moja walimleta Papa Asumani uani kwetu, mikono imefungwa. Mtu alikuwa amelipiga risasi gari lao barabarani, na mzee alikutwa karibu na hapo akiwa na gobori lake. Komanda wao alitaka nimwambie kama lilifyatuliwa siku ile.

"Kama ilipiga, huyu muzee anakufa hapa hapa."

Nilishusha mdeki. Ulikoma kabla ya alama.

"Donc, basi alipiga, akajaza tena," alisema komanda.

Sheria yetu ilitaka umimine maji kwanza, baruti ife, ndipo utoe mzigo. Lakini maji yangeharibu ushahidi pekee wa mzee. Nikabandua fataki, nikaelekeza mtutu ukutani, nikazungusha kizibuo cha chuma ndani, pakavu, huku nikiomba Mungu cheche isiruke. Zikatoka nyuzi za kuzibia, yakafuata marisawa, vile vipande vidogo vya risasi, mwishowe baruti yenyewe: madonge yaliyoshikana kwa unyevu wa msitu, yamechanganyika na kutu. Nikamtilia komanda kiganjani.

"Baruti ya leo inamwangika sawa muchanga," nilimwambia. "Hii imelala humu mwezi muzima."

Alilisugua donge kwa kidole kwa muda mrefu. Halafu akaamuru kamba ikatwe.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama sheria zile zilifaa kitu. Nawajibu kwamba nimeona watu wenye vidole pungufu kwa kuzidharau, na nimeona mtu mmoja akiokolewa na kosa lake. Nawashukuru wakubwa walionifundisha kupima kabla ya kusema, maana siku ile sikuwa na silaha nyingine.

Mji ulipotulia, Papa Asumani alikuja ofisini amevaa kanzu safi, akaketi mbele yangu.

"Bon, karani, niko na kosa. Bunduki yangu iliingia mujini na baruti. Andika."

Nikaandika. Nilimfungia kibali miezi mitatu. Aliweka dole gumba lenye wino kwenye karatasi, akalipangusa, kisha akauliza kwa heshima kama inaruhusiwa kumukumbatia mutu wa serikali.