Makumbusho Tabora: Mashine ya nta ya babu yangu imeandikwa ni ya Mwingereza

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina hasira tangu Alhamisi. Mke wangu amechoka kunisikiliza, kaniambia nenda kawasimulie hao wa kwenye simu. Basi nimekuja. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na pale yanaponidhalilisha sitaruka. Anayetafuta chai akachemshe kwake.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa Kigwa, huku kwetu Uyui reli ya kati inapopita. Nalima tumbaku na mahindi. Mzee wangu yupo hai, kavuka themanini, ni mrina asali tangu apate akili na mpaka leo ana mizinga porini.

Baba yake, yaani babu yangu, naye alikuwa mrina asali enzi za Mwingereza. Na alikuwa na mashine.

Hiyo mashine ni ya kukamulia nta. Fremu nzito ya mninga, katikati parafujo ya chuma nene kama mkono wa mtu, juu mpini wa kuzungushia. Masega yakishachemshwa unayatia kwenye mfuko wa katani, mfuko unalala chini ya ubao, watu wawili wanazungusha. Nta inachuruzika kwenye beseni, takataka zinabaki mfukoni.

Ilikaa stoo kwetu miaka yote. Kama miaka sita iliyopita mzee alikuwa Nzega kwa dada yangu, anatibiwa macho. Wakapita watu wa makumbusho fulani ya mitambo ya zamani, jina nalihifadhi, wanazunguka vijijini kukusanya vitu. Mimi nilikuwa natafuta nafasi ya mifuko ya mbolea. Nikawapa. Nikajibu maswali yao mawili matatu huku nabeba mifuko, nikasaini, wakapakia kwenye pikapu, wakaenda zao.

Mzee aliporudi nikamwambia, baba, mashine ya babu iko mjini, imewekwa mahali pa heshima, watu wanakuja kuitazama.

Akasema, "Sawa. Siku moja utanipeleka nikaone walivyomwandika baba."

Hiyo siku moja niliivuta miaka sita, wakuu. Mara tumbaku, mara mvua, mara sina nauli. Mwaka huu akaanza kuniuliza kila wiki. Mwezi uliopita akaniambia wazi: "Nataka nione jina la baba yangu pale kabla sijafa. Basi. Sina lingine ninalokudai."

Alhamisi tukaenda.

Mzee kavaa koti lake la kanisani, kaninyima hata kumbebea dumu la asali alilomwekea mwenye makumbusho. Na dumu lina alama yake, kwa sababu mzee wangu anaweka alama kila kitu. Warina asali kila mmoja ana alama yake anayochonga kwenye mzinga ili mwingine asirine cha mtu huko porini. Ya kwetu ni mistari mitatu na mmoja unaikata kwa mlalo. Ni ya babu, mzee akairithi. Iko kwenye mizinga, iko kwenye majembe, iko kwenye kigoda chake. Hata simu yake ya kitochi ameikwaruza nyuma.

Tumefika saa tatu. Bango linasema wanafungua saa mbili. Mlango una kufuli kubwa.

Mlinzi anatuambia mwenye ufunguo yupo Isevya kwa fundi pikipiki, anakuja sasa hivi. Sasa hivi yake ilikuwa saa tano na nusu. Mzee wa miaka themanini na ushee kakaa juu ya tofali na koti lake, dumu mapajani. Mimi nazunguka uani, natukana kimoyomoyo.

Akaja mhifadhi, jamaa wa makamo, mchangamfu kupita kiasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mtu wa wapi wewe?"

"Mimi Mzaramo, mzee. Kisarawe."

Uso wa mzee ukang'aa. Nikajua siku imeharibika.

Kwa wasiojua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu enzi za misafara, wazee wetu wanabeba mizigo kutoka huku mpaka pwani. Mtani anaweza kukwambia lolote, mbele ya yeyote, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mshamba.

"Kumbe Wanyamwezi!" jamaa akaruka. "Karibuni wapagazi wetu! Mizigo mmeiacha wapi leo?"

"Tumeitua pwani," mzee akajibu, "tukawakuta nyie mmekaa kivulini mmejifunga kanga za wake zenu, mnauliza tumewaletea nini."

Wakashikana mikono wanacheka mpaka machozi. Mimi nimesimama pale kama nguzo ya simu.

Tukaingia. Cherehani za mkono, taipureta, gramafoni, mashine ya kupigia simu za upepo, kiberenge cha reli kilichooza magurudumu. Kila kimoja jamaa anakieleza kwa utani, kila utani mzee anaurudisha. Nusu saa nzima. Mashine yetu haionekani.

Tukaikuta kona ya mwisho, nyuma ya kiberenge, imezungushiwa kamba. Vumbi, sawa. Mpini umefungwa kichwa chini, sawa pia, nikajikaza. Mzee akavua kofia.

"Nisomee," akaniambia.

Nikasoma. MASHINE YA KUKAMULIA NTA. IMETENGENEZWA UINGEREZA. ILILETWA NA AFISA WA KIINGEREZA NA KUACHWA KIGWA ALIPOONDOKA.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Jina la baba liko wapi?"

Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Mzee akamgeukia yule mhifadhi, taratibu kabisa: "Mwanangu, hii mashine aliitengeneza baba yangu."

Jamaa akaangua kicheko. "Na treni je, mzee? Hiyo ilitengenezwa na mama?"

Na mzee wangu akacheka! Angefanyaje? Ni mtani. Ndipo nikaona shimo tulilotumbukia. Kwa kuwa wamepigana utani tangu mlangoni, sasa kila anachosema mzee ni utani. Ukweli hauna mlango wa kuingilia.

Akajaribu tena. "Nasema kweli. Mninga huu aliukata mwenyewe. Mpini wa chuma ulifuliwa na mhunzi wa mtaa wa Ng'ambo hapa hapa mjini, rafiki yake."

"Tazama hapa mzee," jamaa akamulika parafujo. "Herufi hizi za Kiingereza alichonga baba yako? Mnyamwezi wa wakati ule, Kiingereza kakipata wapi, kwenye mzinga?"

"Parafujo ni ya breki ya behewa bovu. Alipewa na mtu wa karakana ya reli kwa ndoo mbili za asali."

"Ooh! Kwa hiyo mzee anakiri, wameng'oa breki za treni! Ndiyo maana zinachelewa mpaka leo!"

Kicheko tena. Safari hii mzee alicheka kidogo sana. Nilimwona mkono wake unavyoikunja kofia.

Akajaribu mara ya tatu. Akatoa kitochi, akakigeuza. "Chini ya ubao wa beseni kuna alama kama hii. Inama uone."

"Sasa mzee, babu wa watu alikuwa na simu?"

Nikainama mwenyewe. Jamaa akanishika bega. Haruhusiwi mtu kuvuka kamba bila kibali. Kibali kinatoka wapi? Kwa mkuu. Mkuu yuko wapi? Dodoma, kikaoni. Anarudi lini? Hajui.

Wakuu, hapo nikalipuka. Nilisahau utani, nikasahau na adabu. Nilimwambia yule bwana kwamba ofisi yenu ni ya wavivu, mnafungua mnapotaka, mnaandika mnachotaka, mmechukua kitu cha ukoo wetu mkampa Mwingereza ambaye hata jina hana! Nikakipiga kofi kile kiberenge, vumbi likanijaa puani, nikapiga chafya katikati ya matusi. Nikamwambia leta kitabu chenu. Nataka kumjua mpuuzi aliyewaambia huu uongo, nataka jina lake.

Jamaa akaacha kucheka. Akaenda ofisini, akarudi na kitabu kikubwa, akafunua, akafuata mstari kwa kidole. Akasoma kwa sauti, maana ndivyo nilivyodai.

"Mashine ya nta. Imepokelewa Kigwa. Swali, ilitengenezwa na nani? Jibu la mtoaji: ni ya Waingereza, ilikuja na mzungu mmoja akaiacha. Swali, familia ina kumbukumbu nyingine? Jibu la mtoaji: hakuna."

Kisha akasoma jina la mtoaji. Majina yangu matatu. Na sahihi yangu pembeni, ile ile ya mkia mrefu.

Nikakumbuka kila kitu. Mfuko wa mbolea begani, dada mmoja na kalamu ananifuata nyuma nyuma, mimi nataka amalize aondoke. Watoto wa kijijini tulizoea kuiita mashine ya mzungu. Nikamjibu hivyo hivyo, huku natembea.

Mhifadhi akanitazama mimi, akamtazama mzee. Akauliza kwa sauti ya chini, wala hakuwa anatania:

"Mzee, na huyu naye ni mtani?"

"Hapana," mzee akasema. "Huyu ni mwanangu."

Nilitamani mzee anitukane. Hakunitukana. Alikaa kwenye benchi la wageni, akaweka dumu la asali miguuni, akatazama mashine.

Yule Mzaramo akafungua kamba bila kibali cha mtu. Akakiomba kitochi cha mzee, akawasha tochi yake, akalala chali sakafuni na shati lake jeupe, akaingiza kichwa chini ya mashine. Kisha tukamsikia kutoka kule chini:

"Mistari mitatu. Na mmoja umeikata."

Alipotoka ana utando wa buibui kichwani. Alimpigia mzee magoti, akasema nisamehe baba, nilidhani unanitania. Mzee akamwambia, "Si kosa lako. Mtani hawezi kujua. Wa nyumbani ndiye anatakiwa ajue."

Hiyo sentensi nimelala nayo siku tatu.

Jamaa akaleta fomu. Maelezo ya mtoaji hayafutwi mpaka mtoaji mwenyewe aandike mengine. Yaani mimi. Nikakaa chini karibu na miguu ya mzee, akaanza kuniandikisha.

Alitaja jina la babu na la baba yake babu. Akataja mhunzi wa Ng'ambo, Mwislamu, na jinsi alivyokula Idi na babu, naye akija Krismasi Kigwa. Akasema zamani waliikamua nta kwa kuusokota mfuko kwa vijiti, inatoka chafu, wanunuzi mjini wanaikataa, babu anarudi nayo kichwani hadi Kigwa. Akaudhika, ndipo akaitafuta parafujo. Akasema na mzungu mtie, mzungu alikuja kweli, mara moja, akaitazama, akaichora kwenye daftari lake, akapewa asali, akaenda. Ndiyo mashine ikabatizwa jina lake.

Wakuu, hakuna hata neno moja lililokuwa geni kwangu. Yote nilishawahi kuyasikia. Kila msimu wa kurina anayasimulia, na kila msimu mimi naitikia "ehee" nikiwaza mambo yangu.

Nikamaliza kuandika. Nikaweka kalamu chini kwenye mstari wa sahihi, nikitaka tu yaishe tuondoke.

Mzee akanishika mkono.

"Nisomee kwanza," akasema. "Yote. Ndiyo usaini."

Nikamsomea yote. Alinirekebisha mara mbili. Nikasaini.

Kibao kipya jamaa kaahidi ndani ya mwezi huu. Nitakwenda kuhakikisha mwenyewe, na nisipomkuta mlangoni saa mbili basi ujue kachelewa yeye. Dumu la asali mzee alimwachia. Wakaagana kwa matusi ya kitani, wakacheka tena kama mwanzo.

Nilichojifunza: nilikwenda pale kumtafuta mpuuzi na nikampata. Sasa nyie mnaotoa vitu vya wazee ili mpate nafasi ya mbolea, au ya friji, au ya kochi jipya, mkiulizwa hiki ni cha nani, msijibu mkitembea.

Bado tuna vitu vitatu vya babu stoo. Jana jioni nilimuuliza mzee habari za kimoja tu. Alizungumza saa mbili. Sikusema "ehee" hata mara moja.

Haya, zamu yenu. Kwenu kuna kitu gani ambacho ukiulizwa sasa hivi kilitoka wapi, utabahatisha? Kitajeni hapa. Na mnaotaka kunitukana tukaneni, ila Wazaramo subirini foleni, mmeshanila vya kutosha wiki hii.