Nyama ya Onzia Iliyochemshwa Mara Mbili

Garini tulikuwa watatu: mimi; mjukuu wangu Letaru, binti wa mwanangu Andama, ambaye kazi yake ni ya maabara; na dereva Amule, mtoto wa shemeji yangu. Tulitoka Mvara, hapa Arua, kumfuata binti yangu Onzia, aliyeolewa Koboko. Watu wa boma na wageni wao walikuwa wametapika baada ya kula mbuzi aliyempika, na mama mkwe wake, Kiden, alisema ametia sumu. Huku kwetu neno hilo likimshika mwanamke, ndoa imekwisha.

Njiani, Manibe, saa mbili asubuhi. Amule akanitania, "Mama, tunarudisha bibi harusi?" Sikucheka.

Koboko, saa nne. Kiden alitupatia viti na maji, lakini hakututazama. Onzia alikuwa jikoni, macho mekundu.

"Jioni wote walikula, wakalala vizuri," alisema. "Iliyobaki ililala sufuriani, nikaichemsha tena asubuhi mpaka ikatoa povu, tukaila. Mdudu gani atabaki?"

Letaru akauliza, "Walitapika lini?"

"Kabla ya saa sita mchana."

"Na ile jioni, nani alitoa nyama kwa mifupa?"

"Mimi," akasema Kiden. "Hapa wageni wa ukweni wanachambuliwa nyama na mkono wa mama mwenye boma." Akauinua. Kidole kilifungwa kitambaa. Kilikuwa na jipu.

Letaru akashusha sauti. "Nyanya, iko wadudu wanakaa kwa jipu. Usiku, ndani ya sufuria, wanatoa sumu. Moto unaua wao, sumu hapana. Sumu zao ziko nyingi, hata za wadudu wa ukoo mmoja hazifanani. Sumu za wadudu wengine zinavunjika na moto. Hii ya kutapisha haraka inavumilia. Chakula kilitupwa, siwezi kuapa, lakini saa zinasema hivyo."

Kiden akakitazama kidole chake. "Basi mchawi ni mimi?"

"Mama, wewe ulitapika kutushinda wote!" akasema Onzia, na Kiden akacheka mpaka akashika ubavu.

Kisha akatoka nyumba kwa nyumba, kidole juu, sisi nyuma yake. "Ni kidole changu hiki. Msiguse tena jina la mtoto wangu."

Arua, jioni. Tulirudi bila Onzia, tumebeba ufuta, simsim ya Kiden. Mimi nimepika miaka yote nikiamini moto unamaliza kila kitu. Sasa nyama kwangu hailali sufuriani, na mwenye kidonda haigusi. Katika kuzunguka kule na kidole juu, nakumbuka Kiden alianza kwa Jurugo, fundi wa baiskeli, halafu kwa Poni mjane. Kama alianza kwa Poni, ninyi mliokuwepo nisahihisheni.