Mtani Aliyechukua Magurudumu

Ernesti alikuwa Mngoni wa Songea, aliyeletwa Tanga na kandarasi ya kukata mkonge, na kwao hakurudi tena. Mtu mpole, mcheshi, kanisani hakosi. Kosa lake duniani, ukiniuliza mimi, ni kudhani kwamba kila anayecheka nawe ni mwenzio. Mkewe alipofariki alibaki na mwana mmoja tu, Timotheo, na kijana huyo ndiye aliyekuwa pumzi yake.

Mwaka wa hamsini na tano fundi mkuu wa shamba lile, Mgiriki mmoja aliyependa magari kuliko kula, alitangaza mashindano ya vijana. Kila kijana ajitengenezee gari la mbao, lisilo na injini, aliteremshe kutoka bungalo la meneja hadi chini karakana. Mashindano yangefanyika Jumatatu ya Pasaka, alasiri. Atakayeshinda angeingizwa karakana ajifunze ufundi wa mashine.

Basi hapo Ernesti akakosa raha. Timotheo alikuwa ametimiza miaka kumi na mitano, na msimamizi alishaanza kumuulizia kwa ajili ya kukata mkonge. Ernesti aliijua kazi ile. Alijua miba inavyotafuta macho, alijua mgongo unavyokatika ifikapo saa tano, na hakutaka mwanawe airithi. Karakana ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumtoa.

Ila mashindano yenyewe hakuyaelewa hata chembe. Akamwendea Msafiri.

Msafiri alikuwa Mnyamwezi, msaidizi wa mafundi pale karakana, na mtani wake. Si unawajua watani? Wanatukanana mchana kutwa, mmoja akikiona kitu cha mwenzie anakibeba, na mwenye kitu haruhusiwi kununa. Atakikomboa kwa kuku au kibuyu cha pombe, watu wacheke, yaishe. Akinuna anatozwa faini, na kambi nzima inamzomea.

"Mtani, haya mambo yanakwendaje?" aliuliza Ernesti.

"Keti, mateka wangu, nikufunze," alisema Msafiri. "Babu yangu alimfunza babu yako kuvaa nguo, mimi nitashindwa na gari la mbao?"

Akamfunza kweli. Ernesti alidhani vijana watateremka wote kwa pamoja, mbio za vurugu. Kumbe wanateremka wawili wawili. Anayeshindwa anatoka, anayeshinda anangoja mwingine, mpaka abaki mmoja. Alidhani tena kwamba mwepesi ndiye atakayekwenda kasi, na alishaanza kumpunguzia Timotheo ugali. Msafiri alicheka mpaka akashika ukuta.

"Utamuua mtoto bure. Kwenye mteremko, mzito ndiye anayekimbia. Ndiyo maana kijana na gari lake wanapimwa pamoja kwenye mizani ya marobota ya mkonge, asiwepo wa kuwazidi wenzake. Akiwa mwepesi, anaongeza mawe mpaka afikie kipimo."

Siku ile Timotheo alirudishiwa ugali wake wote, na nyongeza.

Kijana naye alikuwa na mikono. Alichonga magurudumu manne ya mvule, akayavika mpira wa tairi kuukuu, akayatia grisi katikati. Walipojaribu gari wiki ya mwisho, aliwaacha vijana wote mbali, akiwemo Hatibu, mpwa wake Msafiri. Msafiri alikuwapo akitazama. Siku hiyo hakutania. Aliinama tu, akayazungusha yale magurudumu kwa kidole, moja baada ya jingine.

Jumapili ya Pasaka, watu wametoka kanisani, Msafiri akaingia uani kwa Ernesti na spana mkononi. Akayafungua magurudumu yote manne, akayatia kwenye gunia. "Mali ya babu yangu hii," alisema. "Kesho baada ya chakula cha mchana uniletee jogoo pale uwanjani, mbele za watu, ukomboe."

Timotheo alisimama. "Na mizani je?"

"Mizani ni palepale juu, kabla hamjateremka. Muda upo tele."

Akaondoka na gunia begani. Timotheo alimgeukia baba yake, akamsihi wamfuate, wayachukue. Ernesti alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Huo ni utani, mwanangu. Tukimfuata tutachekwa mwaka mzima."

Kesho yake Ernesti alipeleka jogoo. Msafiri akatoa hotuba ndefu kuhusu Wangoni na uvivu wao, watu wakavunjika mbavu, magurudumu yakarudi salama. Baba na mwana wakayafunga upesi, wakalisukuma gari mpaka juu. Pale juu alisimama Sadalla, karani wa mizani. Alilizunguka gari, akalitazama ubavuni.

"Alama yako ya rangi iko wapi?"

"Rangi gani?" aliuliza Ernesti.

"Ya mizani. Aliyepimwa anapakwa rangi nyekundu. Tulipima asubuhi, king'ora cha saa sita kilipolia tukafunga."

"Si mnapima hapa juu?"

"Nani kakwambia? Mizani iko ghalani, mzee, imechimbiwa chini. Tutaibebaje?"

Fundi mkuu akaitwa. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Kanuni ni kanuni, alisema, na asiyepimwa hateremki.

Ernesti akageuka. Gari la Hatibu lilikuwa pale kando, na ubavuni lina mstari mwekundu, umeshakauka. Msafiri ameliegemea, anatabasamu. Mnafiki yule alijua kila kitu tangu mwanzo, maana ndiye aliyebeba mawe ya mizani asubuhi.

"Mtani, unanuna?" alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Nilichukua, umekomboa, nimerudisha. Kosa langu liko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Ernesti naye, kwa mazoea tu, akafungua kinywa acheke. Hakikutoka kitu.

"Baba," alisema Timotheo polepole, bila machozi. "Nilikwambia tumfuate. Ukacheka."

Hatibu alishinda. Timotheo, aliyekuwa wa kumzuia, alikaa kando ya njia juu ya gari lake, akitazama mpaka mwisho.

Watu walipoanza kutawanyika Ernesti alimwendea Msafiri. Wengine wakasogea, wakijua kilipizo cha utani kinakuja.

"Siku nikifa," alisema Ernesti, "usije."

Kicheko kikakatika. Mtani ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa mpaka wakubali kula. Bertha, mkewe Ernesti, alipokufa, Msafiri ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

"Mtani, hayo maneno ni mazito," alisema Msafiri.

"Mimi si mtani wako."

Wazee wakamtoza Ernesti faini ya kununa, kuku mwingine. Alikwenda akamleta, akamwachia pale chini, akaenda zake.

Alfajiri ya Jumanne Ernesti aliamka amwite mwanawe waongozane shambani. Alitaka kumwonyesha jinsi ya kuinamisha uso ili miba isimpate. Timotheo hakuwemo. Alikuwa ameshachukua kisu cha mkonge, akaondoka na wakataji wengine.